Meza ya Baba Mdogo

Sebuleni kwa baba mdogo, Tanga, kulikuwa na kadi ya posta ndani ya fremu ya mbao iliyoliwa pembe moja na mchwa. Ilionyesha jengo kubwa la mraba juu ya kilima, kila pembe na mnara wake. "Meza hiyo, imepinduliwa miguu juu," alikuwa akituambia. Baadaye nilikuja kujua kwamba utani ule si wake; wenyeji wa Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, wenyewe ndivyo wanavyolitania kasri lao. Alisomea umakanika huko miaka ya 1970, enzi za Chekoslovakia ya kikomunisti, akarudi na kadi hiyo, koti zito lisilo na kazi Tanga, na maneno machache ya Kislovakia aliyoyatumia kufukuzia mbuzi.

Mimi nilifika Aprili 2018. Nilikuwa Vienna, Austria, kwa mafunzo ya wiki tatu, Jumapili hatuna kipindi, nikapanda treni. Mwendo wa kama saa moja, na hakuna aliyeniuliza pasipoti.

Kilima nilikipanda kwa miguu nikihema. Nilipofika juu nikatoa simu, nikaitazama picha ya ile kadi, nikalitazama jengo. Kasri la baba mdogo lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hili lilikuwa jeupe pe, kama limepakwa chokaa jana kwa ajili ya harusi. Ndani ndiyo usiseme: ngazi kuu ina kuta nyeupe zilizotambaliwa na mapambo ya dhahabu, vidato vyake vifupi hata mzee wa magongo angepanda.

Kutembea mle makumbusho ndiko kulikonifumbua. Waturuki walipoiteka Buda, mji mkuu wa Hungaria, mwaka 1541, wafalme wa Hungaria wakawa wanavishwa taji katika mji huu, wakati huo ukiitwa Pressburg. Malkia Maria Theresa alitawazwa hapa 1741, akalifanya kasri liwe la kuishi watu wa anasa. Binti yake Maria Christina alikaa humo na mumewe Albert, mpenda michoro. Mkusanyo wake ndio makumbusho ya sanaa ya Albertina, Vienna, niliyokuwa nimeipita wiki nzima nikidhani ni hoteli. Kisha mambo yakageuka: likawa seminari, halafu kambi ya jeshi. Mei 1811 uzembe wa askari ukaliunguza. Kuta zikabaki magofu kwa zaidi ya miaka 140, wengine wakataka zibomolewe kabisa, hadi ujenzi ulipoanza 1953. Weupe na dhahabu vikaja baada ya 2008, kurudisha sura ya enzi za Maria Theresa.

Kwa hiyo hata kasri la kwenye kadi lilikuwa jipya, na dhahabu niliyoikodolea macho ilikuwa na umri mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Nilijiona nimepunjwa kidogo, sikatai.

Nikapanda Mnara wa Taji, ngazi nyembamba, na huko juu nikampigia kwa video.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Uko wapi, mbona upepo hivyo?"

Nikageuza simu. Akakaa kimya, akavaa miwani, akaivua. "Hiyo siyo."

"Ndiyo yenyewe, baba."

"Mimi nilikaa huko miaka minne, unanifundisha? Meza yangu haikuwa nyeupe." Nikaanza kumweleza habari za ukarabati, akanikatiza: "Hebu nionyeshe ng'ambo ya mto."

Nikaelekeza kamera juu ya Danube, kwenye maghorofa ya Petržalka yaliyopangana kama maboksi ya sabuni. Alipofika, alisema, ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuyajenga. Nyuma ya Petržalka kulikuwa na mpaka wa Austria: nyaya, minara ya walinzi, na huruhusiwi kusogea. Miaka minne aliiona nchi ya watu kutoka kilimani, Vienna iko kama kilomita 60, na hakuwahi kufika.

"Nyaya ziko wapi?"

Nilitafuta. Nyuma ya maghorofa kulikuwa na mashamba, na mbali kabisa mapanga meupe ya mitambo ya upepo yakizunguka upande wa Austria.

"Hakuna, baba. Nimepita hapo asubuhi na treni."

"Umepita?"

"Nimepita."

Akaisogeza simu karibu na uso mpaka nikaona paji tu. "Rudisha kushoto," akasema. "Polepole."