Na sababu nyinginezo

Juzi usiku binti yangu aliniletea karatasi mbili jikoni, nikiwa nachambua mchele. "Mama, nisomee risala. Mwalimu anaitaka kesho kutwa." Wamemchagua yeye asome siku ya mahafali yao ya kidato cha nne. Nikaweka ungo pembeni, nikaanza kusoma kwa sauti, maana risala ni ya sikio. Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na walezi. Nilipofika aya ya pili nikakwama: "Tulianza kidato cha kwanza tukiwa wanafunzi 96, leo tunahitimu 83. Upungufu huu umetokana na uhamisho, utoro na sababu nyinginezo."

"Mbona umenyamaza?"

Nikamwambia macho yamechoka.

Maneno hayohayo niliyasoma mimi, Tukuyu, Septemba 2003, mwezi ambao hata kule mvua hupumzika kidogo.

Mliosoma bweni miaka ile mnajua mahafali yalikuwa nini. Mwaka mzima ni ugali na maharage, Jumapili wali. Starehe yetu ilikuwa disko la Jumamosi bwaloni, wavulana wameegemea ukuta huu, wasichana ukuta ule, mwalimu wa zamu anapita katikati na tochi, na saa nne kamili muziki unakatwa hata kama wimbo ndio kwanza umekolea. Mahafali yalikuwa siku nyingine kabisa. Ng'ombe alichinjwa alfajiri nyuma ya jiko. Harufu ya pilau ya mchele wa Kyela ilipanda mpaka mabwenini, mtu unapiga pasi ya mkaa huku mate yanakujaa. Kosta za kutoka Mbeya zilisimama barabarani, wakashuka akina mama na vitenge vya sare, wameshika mashada ya karatasi za kung'aa ya kutuvisha shingoni, na vigelegele vilianzia palepale mlangoni mwa gari.

Mwenzangu wa dawati alikuwa ameipanga siku hiyo tangu tukiwa kidato cha pili. Tulikuwa tumekaa chini kwenye nyasi tukiangalia dada zetu wakihitimu, akaninong'oneza kuwa yeye atavishwa shada na bibi yake, si mama, kwa sababu ndizi za bibi pale soko la Kiwira ndizo zilizomlipia ada. Alishachagua hata mahali pa kupigia picha: chini ya mwerezi karibu na ofisi, Mlima Rungwe uonekane nyuma kama mawingu yatakubali.

Simtaji jina. Ana watoto wakubwa sasa.

Julai 2002, tulipofungua shule, tulipangwa mstari nje ya chumba cha matroni, tukawa tunaingia mmoja mmoja na kubonyezwa tumbo. Kila muhula ilikuwa hivyo, tulishazoea, nami sasa nikikumbuka kwamba tulizoea moyo unaniuma. Yeye aliingia mbele yangu. Alipotoka hakuniangalia. Kabla jua halijazama trunka lake lilikuwa nje ya bweni, godoro limekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani. Kanuni zilizotoka mwaka huohuo ziliruhusu shule kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ilihesabiwa humo. Kijana aliyehusika alihamishwa na wazazi wake, akamalizia shule kwingine.

Basi siku ikafika. Tuliingia kwa mstari na mwendo wa madaha, hatua mbili mbele, moja nyuma, kwaya ya UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, ikiimba, turubai limejaa. Nikaitwa kusoma. Risala niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko ambao walimu wote waliusifu. Hakuna aliyenilazimisha neno lolote. Niliazima risala ya mwaka uliotangulia, pale penye idadi nikabadilisha namba tu, mengine nikanakili.

Nilipofika kwenye idadi niliinua macho kama nilivyofundishwa, nimtazame mgeni rasmi. Nikamwona yeye. Alikuwa nyuma ya ua wa michongoma, katikati ya watoto wa mtaani waliokuja kuangalia sherehe. Mtoto mgongoni. Amejifunga kitenge cha kijani, na juu yake amevaa shati jeupe la shule, limepigwa pasi, mikunjo ya mikono imesimama kama ya kwangu. Mdomo wangu uliendelea. Sauti ikatoka kwenye spika za kukodi, ikagonga ukuta wa bwalo na kuturudia: "...na sababu nyinginezo." Watu wakapiga makofi, kwa sababu baada ya hapo sentensi inayofuata ilikuwa ya kumshukuru mkuu wa shule.

Yaliyobaki sikumbuki vizuri. Vyeti viligawiwa, keki ikakatwa, mama yangu akalia, tukapiga picha.

Wakati wa chakula nilichukua sahani ya pilau na soda, nikaenda kwenye ua. Pale palikuwa na uwazi mdogo, njia ya watoro, tuliutumia sisi wawili kwenda kununua maparachichi. Nikampitishia sahani. Hakuipokea mara moja. Alisema, "Kwanza nione cheti."

Nikampa. Akafuta mikono kwenye kitenge, kiganja na mgongo wa kiganja, akakishika kwa kingo kwa vidole viwili kila upande, kama mtu anayeshika picha ambayo haijakauka. Akasoma jina langu lote, matatu. Akasoma jina la shule. Akapitisha kidole juu ya muhuri bila kuugusa. Mtoto mgongoni akanyoosha mkono kukidaka, naye akageuza bega haraka, akanirudishia. "Kizuri," akasema. Ndipo akachukua soda, akasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, akampa mtoto kwanza.

Mimi nilikuwa natafuta neno. Nilikuwa nalo la pole, nalo la kuomba radhi, yote yamekwama kooni. Yeye ndiye aliyesema: "Nimekusikia ukisoma. Umesoma vizuri."

Alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiniambia nimejibu vizuri darasani. Nimeisikiliza sauti hiyo kichwani miaka zaidi ya ishirini na sijapata ndani yake lawama. Nimeitafuta kweli. Wakati mwingine nadhani ingenisaidia kuipata.

Mwalimu akaita wahitimu kwa picha ya pamoja. Nikaondoka mbio, sahani nimeiacha kwenye nyasi upande wake wa ua.

Mtihani ulikuja, nikafaulu, nikaenda kidato cha tano mbali, maisha yakashika njia yake. Tulionana mara moja tu, stendi ya Tukuyu, basi langu likiwa limeshawasha moto. Tukashikana mikono dirishani. Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua, nilisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya benki, nikalazimika kutoka nje. Namba yake sikuwa nayo. Sina mpaka leo.

Kwenye darasa la binti yangu yupo mmoja aliyerudi. Binti alinitajia kama jambo la kawaida, kwamba anahitimu nao, mtoto anabaki na bibi. Nilifurahi kwa namna ambayo binti hakuielewa. Lakini 96 wametoka 83, na waliobaki kumi na tatu wako wapi?

Nikamuuliza: "Hawa kumi na tatu unawajua majina?"

"Risala haitaji majina, mama."

"Najua. Nakuuliza wewe."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Wawili walihamia Dodoma. Mmoja alifariki kidato cha pili. Mwingine anaendesha bodaboda, humwona kituoni asubuhi. Mwingine aliolewa. Alifika wa tisa akasimama, midomo inachezacheza, kidole cha kumi kimeinuka hakina mtu. Sikumwambia abadilishe sentensi. Huyo wa mwisho aliyemtaja angependa asikike kwenye spika mbele ya wazazi wote? Mwenzangu angependa? Sikumuuliza pale kwenye ua, na mwingine wa kuulizwa hayupo.

Nikarudi kwenye ungo wangu. Saa tano usiku nilimsikia chumbani kwake anaongea na simu, anamwuliza rafiki yake: "Eti, yule aliyekuwa anakaa nyuma ya mlango, anaandika kwa mkono wa kushoto, alikuwa anaitwa nani?"