Nilivyofanikiwa kupata jua la Monet bila kutumia rangi nyeusi

Mi nakaa Chicago na kwa mda mrefu nilikua na hamu moja, kuchora jua mpaka mtu akiangalia picha ahisi joto. Makumbusho ya Art Institute hapa kwetu wanayo picha inaitwa Bordighera ya mchoraji Mfaransa Claude Monet, ya 1884, ni kijiji cha Italia pwani ya Mediterania karibu na mpaka wa Ufaransa, mbele misonobari imejipinda inakaribia kuziba kila kitu, alafu nyuma yake ndo unaona nyumba na bahari ya bluu kali. Nikasema naiiga hiihii.

Nilianza kwa kukaa mbele yake na daftari na penseli, sikuchora nyumba wala mti, nilichora tu wapi kuna mwanga na wapi kuna kivuli. Unafumba macho nusu, vitu vidogo vinapotea yanabaki mapande makubwa. Na ukisogea karibu ndo unashangaa, ukuta ulioko juani sio mweupe, una pinki na orenji na njano kidogo, na kivuli sio cheusi hata kidogo, ni bluu na zambarau.

Kwaiyo nyumbani nyeusi nikaifungia kabatini. Nikapaka vivuli vyote kwanza, bluu na zambarau, picha nzima ikawa ya baridi, usiogope hapo, alafu ndo nikaleta pinki na orenji za kuta nikaziweka ubavuni mwa ile bluu bila kuzikoroga pamoja, kila mpako wa brashi unabaki ulivyo. Bluu na orenji zikikaa jirani kila moja inampandisha mwenzake, macho yenyewe yanamalizia kazi. Chevreul, mkemia Mfaransa aliyekua anasimamia rangi za nyuzi kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, alishayaandika haya 1839. Nyeupe naitumia ila haiendi peke yake, lazima niitie njano au pinki kidogo, ikiwa tupu ukuta unakua kama chokaa na jua linazimika palepale.

Misonobari ndo ilinisumbua sana. Dawa niliyopata ni kuacha rangi ya majani ikauke kwanza, alafu bahari naiingiza kwa vipande vidogo kwenye matundu kati ya matawi, na hapo kijiji kikarudi nyuma chenyewe.

Na msiwe na haraka jamani. Monet alifika kule Januari akitegemea kukaa wiki tatu, akaondoka Aprili, na kwenye barua zake alilalamika kwamba mwanga ule unataka paleti (ubao wa kuchanganyia rangi) ya almasi na vito. Sasa we ukikaa na ukuta mmoja wiki nzima umechelewa wapi?

Dada yangu alivoiona aliuliza, "Hapa ni saa ngapi, saa tisa alasiri?" Hajui chochote cha uchoraji, na nilifurahi mno. Sasa nimeanza ya Antibes, mji wa pwani Ufaransa alikochora Monet 1888, kule maji ni mengi kuliko kuta.