Zamu ya saa 8 usiku

Tangu daktari atuambie saratani ya kongosho ya mke wangu imeshafika kwenye ini, na kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu, usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Mofini ya maji anakunywa kila baada ya saa 4, usiku na mchana, bila kungoja maumivu yaanze. Huambatana na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo. Hilo tulilijua tumeshachelewa, akateseka siku 3 bure. Bado linaniuma.

Sikuomba msaada. Walikuja wenyewe, rafiki zake wawili aliosoma nao sekondari. "Shemeji, usiku tuachie sisi. Wewe kalale." Nikakataa. Niliona kumwachia mtu mwingine ni kama kumtupa. Yule mrefu akachukua daftari langu la dawa, akaandika jina lake kwenye mstari wa saa 8 usiku, akanirudishia kimya kimya.

Wanamgeuza ubavu taratibu asipate vidonda, mto mmoja katikati ya magoti. Midomo ikimkauka wanailowesha kwa pamba. Halafu wanamwita kwa jina la utani la bwenini, jina ambalo mimi, miaka yote hii ya ndoa, sikuwahi kulisikia. Juzi niliamka nikasikia kicheko chake, chembamba, kikikatwa na pumzi. Nikasimama gizani nyuma ya mlango nikisikiliza. Sikuingia.