Siku Moja Maishani Mwangu: Afisa Ustawi wa Jamii Kwenye Shauri la Talaka

Mtaani wanatuita "wale wanaochukua watoto". Mimi ni afisa ustawi wa jamii, Morogoro. Wazazi wakiachana na kila mmoja akamtaka mtoto, mahakama inaweza kutuagiza tuandae ripoti ya uchunguzi wa kijamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutambua kwa kazi hiyo. Naenda, naona, nauliza, naandika. Anayeamua ni hakimu. Shauri la siku hii lilishakwisha, na nimebadilisha mambo kadhaa ili familia isitambulike.

Saa 2:00 asubuhi. Nasoma jalada na kupiga simu za miadi.

Saa 3:00. Shuleni. Mwalimu wa darasa la kwanza ananionyesha daftari la mahudhurio: mtoto hakosi, isipokuwa Jumatatu.

Saa 4:30. Kwa mama, Kihonda. Chumba na sebule, kitanda cha mtoto kina chandarua, maji yamefunikwa. Mama anakaanga chapati tangu alfajiri, na jirani ndiye anayempeleka mtoto shule. Naongea na jirani, naongea na mjumbe.

Saa 6:00 nilitakiwa niwe kwa baba. "Nipo njiani, dada." Saa 7 bado yupo njiani. Nimekaa kwenye benchi la duka, jua la utosi, bodaboda nimelipa kwa hela yangu, na nikiondoka itabidi nilipe tena kesho. Alipofika saa 8 alikuja na dada zake wawili, kaka mtu na bahasha. Ndani ya bahasha mna cheti cha kuzaliwa.

"Dada, tusipotezeane muda. Mtoto ametimiza miaka saba mwezi jana. Sheria inasema sasa ni wangu."

Hili nalisikia mno na linaniuma, kwa sababu watu wanavunja nyumba mara ya pili kwa ajili yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi popote kwamba akitimiza saba anahamia kwa baba. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Ndipo yaangaliwe matakwa ya wazazi, maoni ya mtoto kama umri unamruhusu, na mila za jamii yao.

Nilipotaja mila tu, shangazi mkubwa akasimama. "Mahari tulitoa!" Ikawa mahari, ikawa simu ya mama usiku, ikawa mwanaume aliyeonekana stendi ya Msamvu. Sikuandika lolote kati ya hayo. Niliuliza mtoto anavaa kiatu namba ngapi, na akiumwa usiku huwa anamwita nani. Baba akanyamaza. Shangazi wakajibu wote wawili, kila mmoja namba yake.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoomba nibaki na baba peke yake. Kichwa kilikuwa kinagonga. Ndugu walipotoka, sauti yake ikabadilika. Anaendesha lori usiku. Jumapili anaingia safarini mtoto akiwa bado kwake, anarudi Jumatatu mchana, ndipo amrudishe kwa mama.

"Nikimwachia leo, dada, nitamwona tena lini?"

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mahakama inaweza kumpangia siku za kuwa na mwanawe, na zikaandikwa kwenye amri. Ndugu zake walimfundisha kushinda tu.

Usiku, watoto wangu wamelala, ndipo nikaandika. Nilipendekeza akae na mama, awe kwa baba kuanzia Ijumaa baada ya shule, arudishwe Jumapili kabla ya saa 10 jioni, baba hajaingia safarini. Hakimu halazimiki kuufuata ushauri wangu. Saa 4 baba akapiga simu kuuliza nimeandika nini. Nikamwambia atasikia mahakamani, siku moja na mama wa mtoto.