Kutoka Pointi 23 Hadi 18: Nilivyoufanya Mtihani wa Kidato cha Nne

Matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, yalipobandikwa ubaoni, kila mtu alitafuta divisheni yake, akacheka au akanuna, akaenda zake. Mimi niliyanakili alama kwa alama kwenye daftari na kuanza kupiga hesabu. Hesabu ile ilinisaidia kuliko usiku wowote niliokesha.

Mfumo wa Baraza la Mitihani la Tanzania wengi tunaujua juu juu. Yanahesabiwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Jumla ikiwa 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na 34 au 35 ni sifuri. Moko ilinipa B ya Kiswahili, C za Uraia, Historia na Jiografia, na D za Baiolojia, Kemia na Kiingereza. Pointi 23, divisheni ya tatu. Fizikia na Hesabu zote F, kwa hiyo zilibaki nje ya zile saba.

Ukiziangalia alama zenyewe mambo yanabadilika. D inaanzia 30, C 45, B 65, A 75. Kutoka mwanzo wa C hadi mwanzo wa B ni mlima wa alama 20, lakini mimi Kemia nilikuwa na 41 na Baiolojia 43. Nilikuwa nataka kombi ya CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, na kwenda kidato cha tano alama zako za masomo matatu ya kombi huangaliwa. Kwa hiyo alama nne za Kemia na mbili za Baiolojia zilikuwa na thamani kuliko kumi za Uraia. Hesabu nikaiwekea lengo la kufika 30 tu, kwa sababu vyuo vingi vinaiulizia hata kama haimo kwenye saba zako. Fizikia niliamua isinile muda, na darasani walionijua walinishangaa.

Jambo la pili nililobadilisha ni prepu, ule muda wa kujisomea wenyewe. Huwa tunakaa prepu tukisoma desa, yaani notsi, unapiga mstari chini ya kila sentensi mpaka ukurasa mzima unakuwa na mistari. Unatoka pale unahisi umepiga msuli wa nguvu, ila ukipewa karatasi tupu hutoi aya mbili. Nikaacha kusoma, nikaanza kuandika. Nachukua pasti pepa, mtihani wa miaka iliyopita, naweka saa mezani, najibu swali moja kwa muda ambao ningelitengea kwenye mtihani wa saa tatu, kisha nafunga. Siku za mwanzo ilikuwa aibu tupu, maana muda unaisha na bado niko kwenye utangulizi.

Tulikuwa watatu kwenye diskasheni, na tulikuwa tunasahihishiana. Mwenzako hakuonei huruma, tena ukimnyima alama jana basi leo analipiza. Lakini mwongozo wetu mkubwa ulikuwa zile taarifa ambazo Baraza huzitoa baada ya mtihani, za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zipo kwenye tovuti yao, somo kwa somo, bure, na ajabu ni kwamba wanafunzi wachache sana wanazifungua. Mle ndani wanachukua swali, wanaeleza wengi walikosea wapi na kwa nini, kisha wanaweka picha ya jibu zuri na jibu baya kama yalivyoandikwa na mtahiniwa mwenyewe. Unaona mwandiko, unaona alipofuta, unaona mtu kajaza ukurasa mzima wa Baiolojia kwa maneno mazuri kabisa ambayo hayakuulizwa. Swali limetaka tofauti, yeye katoa maana. Limetaka sababu, yeye kaorodhesha madhara. Baada ya kusoma taarifa chache za namna hiyo, macho yangu yakawa yanakwenda kwanza kwenye kitenzi cha swali na idadi ya hoja, hata kabla ya kujua topiki ni ipi.

Hapo ndipo lilipo suala la ung'eng'e, yaani Kiingereza. Tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza kila kitu kikageuka isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Kwa maoni yangu, mtoto wa shule ya kata anasahihishwa Kiingereza mara mbili: kwenye somo la Kiingereza na kwenye mengine yote. Sikuwa na uwezo wa kuubadilisha mfumo kwa miezi iliyobaki, kwa hiyo nilijifunza kuandika sentensi fupi. Hoja moja, sentensi mbili au tatu, nukta. Madam wa Historia alikuwa akituambia, "Jamani, msinipambie. Nipeni hoja, mfano, tuendelee." Insha zangu zikawa kavu kama taarifa ya polisi, ila alama zikapanda.

Hesabu niliikabili kwa kuchagua. Pepa ina sehemu A yenye maswali kumi ya alama 6 kila moja, na sehemu B yenye maswali manne ya alama 10. Kikokotoo hakiruhusiwi, una jedwali la Baraza tu. Nikachagua seti, mfuatano, uwiano, urari wa hesabu za biashara, takwimu na matriki, nikazifanyia kazi hizo tu. Swali la dunia kama tufe sikuligusa kabisa. Pia nilijizoeza kuandika kila hatua hata ninapojua jibu kichwani, kwa sababu njia ina alama zake na ukikosea mwishoni hupotezi zote.

Novemba ikafika. Kuhusu kuingia chumbani sina mengi: kukaguliwa mlangoni, askari nje, wasimamizi wasiotujua, bahasha inafunguliwa mbele yetu, namba ya mtihani kila ukurasa. Hofu inakaa kama dakika kumi, halafu mkono unaanza kwenda.

Prakito ya Kemia, mtihani wa vitendo maabara, ndiyo ninayoikumbuka vizuri zaidi. Asidi iko kwenye bureti, mrija mrefu wa kioo wenye vipimo na koki, besi unaipima kwa pipeti unaiweka kwenye chupa, unadondosha matone mawili ya methyl orange, kiashiria kinachobadilika rangi, yote yanakuwa njano. Kisha unafungua koki kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unazungusha chupa. Mara ya kwanza ni ya majaribio tu, unaruhusiwa kupitiliza. Zile tatu zinazofuata ndizo zenye jasho, kwa sababu zinatakiwa zikaribiane. Mwanzoni unaachia asidi iende, ila ukikaribia kipimo cha majaribio unapunguza mpaka tone moja moja. Kila tone linaanguka na kufanya doa la waridi ambalo linapotea ukitikisa. Unasubiri lile ambalo doa lake halipotei. Nilikuwa nimeinama, jicho likiwa sawa na mstari wa bureti, nasoma chini ya ule upinde wa maji, wakati kijana wa meza ya jirani ananong'ona anataka kujua nimepata ngapi. Sikumjibu, na kusema kweli haikuwa uadilifu tu. Meza mbili haziwezi kuaminika kulingana mpaka tone la mwisho, na anayenakili namba za jirani anabaki na hesabu zisizotokana na mkono wake. Vipimo vyangu vitatu vilikaribiana, nikatafuta wastani na kuendelea.

Kitu kigumu kuliko pepa zenyewe kilikuwa nusu saa baada ya kila pepa. Ukitoka tu, wanakusanyika chini ya dirisha: "Swali la nne umejibu nini? Wee! Si hivyo!" Baada ya pepa ya Jiografia nilisimama pale, nikasikia majibu mawili tofauti na langu, na jioni yake nilishindwa kabisa kufungua daftari la Baiolojia. Tangu siku hiyo nikawa nachukua begi na kuondoka moja kwa moja. Marafiki walidhani nimeanza kuringa. Mama tu ndiye alielewa, akawa haulizi "Imekuwaje?" bali "Kesho kuna nini?" Swali hilo la pili linajibika.

Nikiwa kwenye pepa ya Fizikia nilijibu yale niliyoyajua, nikarudia kuyahakiki, kisha nikakaa kimya hadi muda wa kuruhusiwa kutoka. Sikuona sababu ya kutunga.

Matokeo yalitoka Januari. Mtandao ulisumbua kama ilivyo ada, kila ukibonyeza ukurasa unazunguka tu. Ulipofunguka, nilikwenda moja kwa moja kwenye namba ya shule, nikashuka hadi namba yangu. Zamani siku kama hiyo watu wangekuwa wanagombania orodha ya shule kumi bora, ila Baraza liliacha kuitoa kuanzia matokeo yaliyotangazwa Januari 2023. Kwangu mimi ni afadhali, kwa sababu shule yetu isingekaribia orodha hiyo na nguvu yote ingeishia kwenye kuwajadili wengine.

Kiswahili A. Historia B. Uraia, Jiografia, Baiolojia, Kemia na Kiingereza C. Pointi 18, divisheni ya pili. Kaka yangu alisema nimekosa ya kwanza kwa pointi moja, kana kwamba sikuwa nimeliona hilo kabla yake. Hesabu ilitoka D, kama tulivyokubaliana mimi na yenyewe. CBG ikawa salama, na kwenye fomu ya uchaguzi nilikuwa tayari nimeiweka ya kwanza.

Fizikia nayo ilikuja na D. Bado sijui imetoka wapi, na siulizi.