Mbona yule mrefu hakuruka?

Bukavu, Jumatano usiku

Jumamosi iliyopita mvua ilitukatiza mazoezi, tukajibana sote barazani mwa darasa lililo karibu na uwanja, nami, ili muda usipotee bure, nikawaonyesha mabinti ninaowafundisha kwenye simu yangu dakika za mwisho za fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani iliyochezwa tarehe 4 Aprili 1983 kati ya North Carolina State na Houston. Nimeitazama mechi hiyo mara nyingi kiasi kwamba najua ni wakati gani mtangazaji atapaza sauti. Hata hivyo, mdogo wao kuliko wote aliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza katika miaka yote ya kuipenda: “Mama, mbona yule mrefu hakuruka?”

Yule mrefu ni Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos ambaye usiku ule alikuwa na miaka 20, na ambaye aliugusa mpira wa kikapu akiwa tayari mvulana mkubwa, baada ya kucheza mpira wa mikono na kudaka golini. Swali la binti huyo limenifuata siku nne sasa, kwa sababu limegusa jambo ambalo sijawahi kuliandika: moyo wangu huwa upande wa wanyonge, lakini katika mechi ninayoipenda kuliko zote, ndugu yetu Mwafrika alikuwa upande wa wenye nguvu.

Nguvu hiyo haikuwa ya kusimuliwa tu. Houston walikuwa wameshinda mechi 26 mfululizo, wakiwa na Olajuwon na Clyde Drexler, na katika nusu fainali waliifunga Louisville 94 kwa 81 kwa mchezo wa kukimbia na kuutumbukiza mpira kutoka juu ya pete. North Carolina State walifika Machi wakiwa wameshinda mechi 17 na kupoteza 10. Dereck Whittenburg, mmoja wa nguzo zao, alikuwa amevunjika mguu mwezi Januari na kukaa nje kwa majuma mengi. Ili kujihakikishia nafasi katika mashindano ya kitaifa, iliwabidi kwanza watwae ubingwa wa ligi yao. Wakafanya hivyo kwa siku tatu, wakiifunga North Carolina, chuo kingine cha jimbo lao, iliyokuwa na Michael Jordan, katika muda wa ziada, kisha Virginia ya nyota Ralph Sampson.

Watu hukiita kisa hiki muujiza, na mimi neno hilo silipendi. Muujiza hauna mafunzo ya kumpa binti anayesimama kwenye mstari wa mitupo huru huku miguu ikimtetemeka. Kocha wa North Carolina State, Jim Valvano, alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulikuwa kukaa karibu. Usimwache mpinzani akukimbie, mfikishe katika dakika za mwisho, kisha mfanyie madhambi kwa makusudi ili umlazimishe kurusha mpira peke yake, watu wote wakimtazama. Kwa kanuni ya wakati ule, mchezaji alipewa mtupo mmoja, na wa pili aliupata tu ikiwa wa kwanza umeingia. Kwa hiyo kukosa mara moja kulikuwa sawa na kuurudisha mpira kwa adui. Katika mashindano ya kitaifa, Pepperdine walikuwa wakiongoza katika muda wa ziada, wakakosa mitupo yao mwishoni, wakafungwa 69 kwa 67 baada ya muda wa ziada wa pili. Las Vegas wakafuata, 71 kwa 70. Virginia walikutana nao tena, na safari hiyo Lorenzo Charles, kijana wa mwaka wa pili, alisimama kwenye mstari zikiwa zimesalia sekunde 23, akaingiza mitupo yote miwili: 63 kwa 62. Sisi mwezi uliopita tulikosa mitupo huru tisa katika mechi tuliyopoteza kwa pointi tatu, kwa hiyo hapo nilisimamisha video na kuwaomba mabinti waziangalie pumzi za Charles kabla hajarusha.

Fainali ilichezwa Albuquerque, mji ulioko kwenye mwinuko wa mita 1500 na ushei, kama mji wetu huu. Anayetoka Uvira au Kinshasa kuja kucheza hapa anajua kifua kinavyobana katika dakika za mwisho. Houston walikuwa nyuma 33 kwa 25 wakati wa mapumziko, wakarudi kwa kishindo hadi wakaongoza 42 kwa 35, na hapo kocha wao akawaamuru wapunguze mwendo na kuushika mpira, kwani katika mashindano yale hapakuwa na saa ya kuilazimisha timu kurusha. Naamini hapo ndipo walipopotea. Waliuacha mchezo wao wenyewe wakaingia katika mchezo wa Valvano. Ikiwa imesalia kama dakika moja, matokeo yakiwa 52 kwa 52, Houston walipewa mtupo huru, wakaukosa.

Sekunde za mwisho nimezirudia tena jana usiku, nikiwa na swali la binti yangu. Pasi inakaribia kuibwa, Whittenburg anauwahi mpira mbali sana na pete, anageuka na kurusha kama mtu anayetupa jiwe ng'ambo ya mto. Olajuwon amesimama mbele ya kikapu, uso juu, mikono tayari. Mpira unapungua, hauifikii hata pete. Charles, aliye jirani na ubao, anaudaka hewani na kuutumbukiza kwa mikono miwili, na muda unakwisha: 54 kwa 52. Valvano anakimbia uwanjani huku na huku akitafuta mtu wa kumkumbatia.

Leo nimempa binti jibu langu, ingawa ni langu tu. Ukiugusa mpira unaposhuka kuelekea kikapuni, pointi zinahesabiwa, na kijana yule, ambaye alikuwa amefunga pointi 20 na kudaka mipira 18 iliyorudi, alihofu kuiangamiza timu yake kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa mzembe, aliiheshimu kanuni kwa nusu sekunde zaidi ya ilivyohitajika. Alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano hayo ingawa timu yake ilishindwa. Ubingwa wa NBA, ligi ya wachezaji wa kulipwa, aliupata baadaye, mwaka 1994 na 1995, tena kwa jezi ya mji uleule wa Houston. Charles, aliyefunga kikapu cha ushindi usiku ule, alikuja kuwa dereva wa basi, akafa ajalini mwaka 2011 akiwa kazini, na miaka 47, umri uleule aliofia Valvano kwa saratani mwaka 1993. Nilipowaambia hayo mabinti walinyamaza kwa muda mrefu.

Kisha wakauliza kwa nini wale washindi walikuwa wakikata wavu kwa mkasi. Nikawaeleza kwamba ni desturi yao, na kwamba Valvano aliwahi kuwafanyisha wachezaji wake mazoezi ya kuukata wavu kabla hawajashinda chochote, ili mikono yao izoee. Pete zetu hazina nyavu. Leo jioni mmoja wao alikuja na kipande cha wavu mkuukuu wa kuvulia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alichopewa na baba yake mdogo, mvuvi wa ziwani. Matundu yake ni madogo mno, kwa hiyo tuliupasua upande wa chini, tukaufunga kwa waya kwenye pete ya upande wa ziwa. Bado una harufu ya samaki. Mpira ukipita katikati unatoa sauti ambayo baadhi yao hawakuwa wameisikia, na tulipiga mitupo huru kwa zamu hadi tusiweze tena kuuona mstari.