Mtambo uliokula madda

Mwaka 2020, skuli zilipofungwa kwa ajili ya korona, nilikuwa kwetu Wete, Pemba. Kazi yangu ni kuandika programu za tovuti, na kazi hiyo haidai mtu avuke bahari. Mwenye shida alikuwa maalim aliyenisomesha tangu alifu kwa kijiti. Wanafunzi wake kadhaa, watoto wa jamaa waliohamia Unguja, hawakuweza tena kuja kusoma Qur'ani kwake. Alijaribu kuwasomesha kwa simu, akachoka.

"Siini na thaa zanijia sawasawa," alinambia. "Ntamsahihisha vipi mtoto hali simsikii?"

Hakuwa akitia chumvi. Simu ya kawaida ilipangwa tangu zamani kubeba sauti baina ya hezi 300 na 3,400 tu (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti). Hizo zinatosha kwa "hujambo" na "nitumie pesa", lakini ule mvumo wa ncha ya ulimi unaoitenga siini na thaa, herufi mbili za Kiarabu, kwa sehemu kubwa uko juu ya hapo, na simu inautupa. Kwenye kivinjari mambo ni mengine. WebRTC, teknolojia ya kuzungumza moja kwa moja ndani ya kivinjari ambayo Google waliiweka wazi mwaka 2011, husafirisha sauti kwa kodeki (njia ya kubana sauti) ya Opus, inayoweza kufika hezi 20,000. Nikaona hapa nina la kumfanyia mzee wangu: ukurasa mmoja, yeye anaufungua huku, mtoto anabonyeza linki kule, basi. Hakuna cha kupakua, maana simu za wale wazazi zilikuwa zimejaa picha hadi pomoni.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzikutanisha simu mbili, na watu hudhani hii ndiyo rahisi. Mitandao ya simu huwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na simu mbili zilizofichwa hivyo mara nyingi hazionani. Lazima pawe na seva ya TURN katikati, ipokee pakiti, yaani vipande vya sauti, huku na kuzipeleka kule. Yangu niliikodi Ujerumani kwa sababu ya bei. Basi sauti ya mtoto wa Kwahani, Unguja, ikawa inakwenda Ulaya kwanza ndipo ije Pemba, na baina ya visiwa hivi viwili pana kilomita 50 hivi za maji. Maalim nilipomweleza alicheka, akasema hata jahazi la babu yake halikuzunguka hivyo.

Jioni tuliyojaribu, masika yalikuwa yameshika. Kule Kwahani alikaa binti mmoja, msomaji mzuri. Akaanza Fatiha. Siini zikafika, swadi zikafika, maalim akiitikia kwa kichwa, mpaka mwisho kwenye "waladh-dhaalliin". Pale pana madda, yaani mvuto wa irabu, ya haraka (vipimo) sita. Ilianza vizuri, ikafifia, ikapotea, kisha "liin" ikaibuka peke yake.

"Rejea. Vuta sita."

Akarejea. Yale yale.

"Mwanangu, mbona waikata?"

"Nimevuta sita, maalim." Kilio kilikuwa karibu.

Maalim akanigeukia mimi. "Huyu hasemi uongo. Mtambo wako ndio unaokula madda."

Nikaushuku mtandao. Nikafungua ukurasa wa ndani wa kivinjari changu, Chrome, unaohesabu pakiti: zilizopotea karibu hakuna. Nikamwomba mama yake amrekodi kwa simu nyingine, anitumie faili. Madda ilikuwa kamili, imenyooka. Kwa hiyo ililiwa kabla haijatoka kwenye simu ya mtoto.

Kivinjari, usipokiambia vingine, huisafisha sauti kwanza: hufuta mwangwi, huzima kelele, hupandisha na kushusha ukubwa wake. Na kizima-kelele huijuaje kelele? Hutafuta sauti isiyobadilika, ya feni au friji. Mazungumzo hupanda na kushuka, kwa hiyo yanapona. Msomaji anayevuta madda kwa sauti moja iliyotulia, kama alivyofunzwa hasa, anahesabiwa feni. Ghunna, ile mivumo ya puani, nazo zilikuwa zikipungua vivyo hivyo. Maalim alishazisikia, ila alisubiri. Nadhani waliotengeneza walikuwa na vikao vya ofisi kichwani, na siwalaumu, ingawa wangekaa na mwalimu mmoja tu wa tajwidi, kanuni za kusoma Qur'ani, wangelijua siku ya kwanza.

Kukizima ni mstari mmoja wa msimbo. Nikakizima, binti akafungua ukurasa upya, na mara Kwahani nzima ikaingia ukumbini: pikipiki, televisheni ya jirani, kuku. Mvua yetu juu ya bati nayo ikamwendea yeye. Kifuta-mwangwi pia ilibidi kiondoke, kwa sababu maalim alipomsomea naye akafuatiza, kilimnyamazisha mmojawao. Kilipoondoka, sauti ya maalim ikaanza kuturudia kutoka spika ya kule. Dawa ikawa hedifoni pande zote mbili. Maalim alivaa zangu, juu ya kofia.

"Rejea."

Akavuta. Maalim akahesabu kwa vidole, kimoja kimoja, hadi cha sita. "Ewaa."

Walioniuliza kwa nini sikutumia WhatsApp tu, jibu langu ndilo hilo: kule sikuwa na pa kuingiza mkono. Bando nalo halikuumiza, saa nzima ya darasa ilikula MB 40 na kitu, kwenda na kurudi.

Maalim hakuniacha nipumue. Alitaka watoto 12 waingie pamoja, kila mmoja asome pake kwa sauti, kama chuoni. Chuoni anaweza, nimemwona akimsahihisha aliye pembeni kabisa bila kuinua macho. Nikamwambia kila simu ikiungana na kila simu, watu 13 ni miunganisho 78, na simu za watoto zitachemka.

"Kwani wao kwa wao wasikizane kwa nini?"

Kweli, hawakuwa na haja. Wakimsikia yeye tu, miunganisho ni 12, yote ikianzia kwenye laptop iliyo mbele yake. Nikamwomba anipe hadi wiki ijayo. Akasema Ramadhani imekaribia, nianze usiku ule ule.